Ungoje Nafasi ya Bei Nafuu, au Ulipe Uanze Sasa? Hesabu ya Shule ya Unesi Marekani

Swali hili huletwa kwangu kwa sura ileile, liwe limetoka Minneapolis, Dallas au Lowell. Mtu ni CNA, yaani nesi msaidizi, amefanya kazi kwenye nyumba za wazee miaka miwili mitatu, na masomo ya awali anakaribia kuyamaliza. Komyuniti koleji ya karibu imemwambia nafasi ya kusomea RN, nesi aliyesajiliwa, hakuna mpaka mwaka kesho kutwa. Hapohapo mjini kuna chuo binafsi kinachomwambia njoo Jumatatu, ila ada yake ni mara nne au tano. Afanyeje?

Ukiwauliza jamaa, mmoja atakwambia haraka haraka haina baraka, mwingine ngoja ngoja yaumiza matumbo, na kila mmoja atakwenda zake akiamini amekushauri. Mimi nataka tukae chini na kalamu. Kungoja kuna bei, na bei hiyo inahesabika. Msimamo wangu nautanguliza usije ukanishtukia baadaye: wengi wetu hukimbilia kulipa mapema mno, na wachache hungoja hata pale ambapo hakuna cha kungojea.

Kwanza, unangojea nini hasa?

Watu husema "niko kwenye waiting list" wakiwa na maana tofauti kabisa. Piga simu ofisi ya udahili, uliza chuo kinachaguaje. Jibu litakuwa mojawapo ya haya:

- Foleni ya kweli. Umetimiza masharti, jina lako limeandikwa kwa zamu, na wanaweza kukwambia wewe ni wa ngapi na kila muhula wanachukua wangapi. Hii inahesabika.
- Pointi. Hakuna foleni. Kila msimu waombaji wanapangwa kwa alama zao za sayansi, mtihani wa kuingilia wa TEAS au HESI, na pengine uzoefu wa kazi. Ukikosa leo, kesho unaanza upya na wenzako wapya. Mwenye wastani wa chini anaweza kuomba miaka mitano asipate, na mwenye alama nzuri akaingia mara ya kwanza.
- Kura. Majina ya waliotimiza masharti yanachanganywa, yanachomolewa. Baadhi ya vyuo vya California vimetumia njia hii. Kura haijali umengoja muda gani.

Tofauti hii ni kubwa kuliko tofauti ya ada. Aliye kwenye foleni ya kweli ana tarehe. Aliye kwenye pointi hana tarehe, ana alama, na dawa yake ni kurudia TEAS au somo aliloambulia C. Kukaa hakumsaidii kitu. Aliye kwenye kura hana lolote mkononi, kwa hiyo asiitegemee kura moja.

Kumbuka pia kwamba nafasi ni chache hata kwa wenye sifa. Vyuo havina walimu wa unesi wa kutosha, kwa kuwa nesi mwenye shahada ya uzamili mara nyingi hulipwa zaidi hospitalini kuliko darasani, na nafasi za mafunzo ya wodini nazo zina kikomo. Kukosa mara moja hakumaanishi kichwa chako kizito.

Bei ya mwaka mmoja wa kungoja

Chukua karatasi. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023, mshahara wa kati wa RN nchi nzima ulikuwa dola 86,070 kwa mwaka, wa LPN (nesi mwenye leseni, ngazi moja chini ya RN) karibu 59,700, na wa CNA takriban 38,000. RN aliyemaliza juzi haanzi na huo wa katikati, kwa hiyo kwa mfano wetu tumpe 70,000. Weka namba za jimbo lako mahali pa hizi.

RN mpya 70,000, toa CNA 38,000, inabaki 32,000. Kodi ikishakatwa, tuseme umebaki na 24,000. Hiyo ndiyo bei ya mwaka mmoja wa kungoja ukiwa CNA. Si ndogo, na ndiyo namba ambayo mtu wa udahili wa chuo ghali atakuonyesha.

Sasa namba ambayo hatakuonyesha. Tuseme komyuniti koleji itakula 12,000 mpaka mwisho, na chuo binafsi 60,000. Tofauti ni 48,000. Huna pesa hizo taslimu, utakopa. Mkopo wa 48,000 kwa riba ya asilimia 8, ukilipwa kwa miaka kumi, ni karibu dola 582 kila mwezi, na mpaka umalize utakuwa umetoa karibu 70,000. Basi tofauti halisi ya ada ni 70,000.

Pima:

- Kungoja mwaka mmoja: umepoteza 24,000, umeokoa 70,000. Ngoja.
- Kungoja miaka miwili: umepoteza 48,000. Bado kungoja kunashinda, ingawa kwa pengo dogo kuliko ulivyodhani.
- Kungoja miaka mitatu: umepoteza 72,000. Mizani imelingana, na hapo chuo ghali kinastahili kusikilizwa.

Huu ni mfano. Ukiwa na akiba ya kulipa nusu bila kukopa, au ukiishi jimbo ambalo RN mpya analipwa 95,000, mstari utasogea. Ila hesabu uifanye kwa namba zako mwenyewe. Ya jirani yako mwachie jirani.

Vitu vinavyobadili hesabu

Cha kwanza ni muda wa masomo. Tangazo la "RN kwa miezi 20, bila foleni, bila masomo ya awali" lisome mara mbili. Anatomia, maikrobiolojia, kemia na takwimu hazijaondolewa, zimewekwa ndani ya ada kwa bei ya juu, na wakati mwingine muda wao haumo katika ile miezi 20. Upande wa pili nao si msafi: komyuniti koleji inasema ADN, digrii yake ya RN, ni miaka miwili, lakini kabla ya hiyo miwili masomo ya awali hula mwaka, na mwenye kufanya kazi usiku hula zaidi. Ulizia pande zote mbili tarehe ya kumaliza. Tarehe ya kuanza haikulipi kitu.

Cha pili, na hiki ndicho ambacho wengi hawakifikirii, ni kwamba bei ya kungoja hutegemea unachofanya wakati unangoja. Aliye LPN anayelipwa 59,700 akingojea nafasi ya RN anapoteza kama 10,000 tu kwa mwaka kabla ya kodi, si 32,000. Ndiyo maana njia ya CNA, LPN, kisha daraja la LPN kwenda RN imewavusha watu wetu wengi. Shule ya LPN huchukua takriban mwaka mmoja, na ile ya serikali ni rahisi kuliko ya binafsi. Tena vyuo vingi vina mlango tofauti wa daraja, wenye msongamano mdogo. Wapo wanaosema LPN ni kupoteza wakati. Kwa mwenye nafasi ya RN ya miezi sita ijayo, ni kweli. Kwa aliyeambiwa miaka mitatu, si kweli hata kidogo.

Cha tatu ni ratiba. Hapa nitavitetea vyuo binafsi. Baadhi hufundisha jioni na wikendi, na kwa mama wa watoto watatu mwenye mume anayefanya kazi usiku, ratiba hiyo ina thamani ya pesa. Komyuniti koleji inayokutaka wodini saa kumi na mbili asubuhi Jumanne na Alhamisi inaweza kukulazimisha kuacha kazi. Mshahara utakaouacha nao uingie kwenye hesabu.

Kabla ya kulipa chuo ghali

Haya hayana mjadala. Likikosekana moja kati ya mawili ya kwanza, funga mkoba.

1. Kibali cha Bodi ya Uuguzi ya jimbo. Bila hicho huwezi kufanya mtihani wa leseni, NCLEX-RN. Orodha ya vyuo iko kwenye tovuti ya Bodi yenyewe, itazame huko. Karatasi ya chuo isikutoshe. Chuo kinaweza kuwa na kibali kamili au kuwa kwenye uangalizi, na uangalizi ni onyo.
2. Ithibati ya programu ya unesi, kama ya ACEN au CCNE. Chuo chaweza kuwa na ithibati yake kama chuo huku programu ya unesi haina. Bila ithibati utaweza kupata leseni katika majimbo mengi, lakini hospitali za wanajeshi wastaafu, VA, hazitakuajiri, na vyuo vingi havitakupokea kwa BSN, shahada ya kwanza ya unesi.
3. Matokeo ya NCLEX kwa wanaofanya mara ya kwanza. Nchi nzima, waliosomea Marekani walifaulu karibu asilimia 80 mwaka 2022, kisha karibu 89 mwaka 2023, mwaka ulioanza mtihani mpya. Tazama matokeo ya chuo kwa miaka mitatu minne mfululizo, ukiyalinganisha na ya nchi nzima ya mwaka uleule.
4. Walioingia wangapi, walimaliza wangapi. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu matokeo mazuri ya NCLEX yanaweza kuficha mengi. Chuo kikiwachuja dhaifu kabla ya mtihani, au kikiwazuia kumaliza mpaka wafaulu mtihani wa ndani, asilimia zake zitang'aa huku nusu ya darasa iko nyumbani na deni.
5. Masomo yanahamishika? Piga simu chuo kikuu cha jimbo, waulize kama wangepokea masomo ya chuo hicho. Usimuulize muuzaji kama bidhaa yake ni nzuri.

Namba ya nne nairudia kwa sababu ile hesabu yetu ilidhani kwamba utamaliza. Shule nyingi za unesi zinataka alama ya kupita kati ya 75 na 80, na ukianguka masomo mawili unaondolewa. Aliyeanguka komyuniti koleji amepoteza elfu kadhaa. Aliyeanguka chuo ghali anarudi kwenye mshahara wa CNA akiwa na deni la elfu thelathini. Kama sayansi ilikusumbua, hatari hii ni yako zaidi.

Vyuo pia hufungwa. ITT Technical Institute, kilichokuwa na programu za unesi, kilifunga milango Septemba 2016 wanafunzi wakiwa katikati ya masomo. Mkopo wa serikali unaweza kufutwa chuo kikifungwa, lakini mkopo wa benki binafsi hauna ulinzi huo. Basi usimwombe shemeji yako akudhamini mkopo wa benki kabla hujamaliza ule wa serikali. Ukishindwa wewe, watamfuata yeye, na ugomvi huo hauishii Marekani.

Na anayekwambia hakuna kungoja kabisa?

Januari 2023 serikali ya Marekani iliwafungulia mashtaka watu 25 katika kesi iliyojulikana kama Operation Nightingale: zaidi ya diploma 7,600 za unesi ziliuzwa kupitia shule tatu za Florida kwa watu ambao hawakusoma. Bodi za majimbo zilianza kufuta leseni za walionunua, na baadhi yao walikuwa wameshafanya kazi kwa muda. Ukiambiwa na mtu wa kanisani au msikitini kwamba kuna shule ambako "mafunzo ya wodini yanapangwa" bila wewe kukanyaga wodi, usiulize bei. Ondoka.

Ukingoja, ngoja ukifanya kazi

- Omba vyuo vingi. Kaunti ya jirani, au mji ulio mwendo wa saa moja na nusu, mara nyingi hauna msongamano. Usingoje jibu la chuo kimoja ndipo uombe kingine. Lakini angalia kwanza kama wakazi wa kaunti wanapewa kipaumbele.
- Linda masomo yako yasiharibike. Vyuo vingi havikubali sayansi iliyopita miaka mitano au saba, na alama za TEAS nazo zina muda wake. Aliyemaliza anatomia mwaka 2019 anaweza kufika mbele ya foleni akaambiwa arudie.
- Usimalize Pell Grant kwa masomo ya kujaza muda. Ruzuku hii, iliyofikia dola 7,395 kwa mwaka wa masomo wa 2024–25, ina kikomo cha mihula 12 maishani. Nimeona watu wakichukua darasa moja hapa, mawili pale, ilimradi waonekane wanasoma, na walipoingia unesi wenyewe mfuko umekauka.
- Chukua sasa masomo ya BSN yasiyo ya unesi, kama bajeti inaruhusu: takwimu, saikolojia, lugha. Hospitali kadhaa za miji mikubwa hupendelea BSN, na New York ilipitisha sheria mwaka 2017 inayowataka RN wapya wapate shahada hiyo ndani ya miaka kumi.
- Hamia kwa mwajiri anayelipa ada. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri akulipie mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila kodi. Hospitali kubwa nyingi zina mpango huo, hata kwa CNA. Soma mkataba, maana wengi watakutaka uwatumikie miaka miwili mitatu baadaye.
- Uliza ofisi ya ajira ya serikali kuhusu fedha za WIOA, za mafunzo ya kazi. Wakati mwingine hulipia LPN yote, na wengi wetu hatujawahi kuingia ofisi hizo.

Makaratasi hubadili kila kitu

Mwenye green card, mkimbizi na aliyekubaliwa hifadhi wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, mwenye TPS (ulinzi wa muda), na ambaye kesi yake ya hifadhi haijaamuliwa hawapati msaada wa serikali kuu. Kwa F-1 habari ya kungoja haiko kabisa kama kwa wengine: huruhusiwi kukaa bila kusoma, kazi umebanwa, na unatozwa ada ya mgeni hata kwenye komyuniti koleji. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kujiweka kwenye foleni yoyote.

Umehamia jimbo jipya? Mara nyingi utahitaji mwaka mmoja wa ukaaji ili upate ada ya mwenyeji. Huo ni mwaka ambao kungoja kunakulipa.

Na ndugu zangu mliokuja kwa green card mkiwa na shahada ya kitu kingine kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Kampala: ulizeni BSN ya haraka, ya miezi 12 hadi 18 kwa wenye shahada. Aliyekuwa nesi nyumbani asianze na CNA kabla vyeti vyake havijatathminiwa na shirika la kukagua vyeti vya manesi wa nje, kama lile lililoitwa CGFNS mpaka 2025. Inawezekana anachohitaji ni kufaulu NCLEX, na pengine mtihani wa Kiingereza, si kusoma upya.

"Lakini mimi nina miaka 44"

Nimesikia. Umri unapunguza miaka ya kufaidi mshahara mpya, kwa hiyo unasukuma kuelekea kuanza mapema. Lakini unapunguza pia miaka ya kulipa deni. Mwenye miaka 44 akikopa 60,000 atakuwa bado analipa karibu afikie sitini. Kwake yeye LPN ya haraka na ya bei nafuu, kisha daraja, mara nyingi ndiyo njia bora.

"Nitalipa kwa ovataimu"

Utailipa ukishakuwa RN, sawa. Lakini wengi husema hivi wakimaanisha watafanya shifti mbili mfululizo huku wakisoma. Unesi haukai na shifti mbili. Panga masomo kwa saa 24 za kazi kwa wiki, yaani shifti mbili za saa kumi na mbili; tatu ni nyingi mno. Bajeti yako isipokubali, hujapata chuo unachokimudu.

"Nyumbani wananitegemea"

Hapa usifiche kitu. Waambie wazazi na ndugu mapema kwamba kwa miaka miwili utatuma kiasi fulani kisichobadilika, na uwatajie ni kiasi gani. Ukiahidi kama zamani halafu ukakopa mkopo wa masomo utume nyumbani, utalipa riba kwa msiba wa mwaka jana.

Kama umeshaanza chuo ghali

Usiache kwa hasira. Fanya kwa utaratibu huu:

1. Tazama mkataba: ukiondoka sasa unarudishiwa kiasi gani? Kwa kawaida kiasi hicho hupungua kila wiki, kwa hiyo uamuzi wa kuondoka ufanywe wiki za kwanza.
2. Kama chuo kina kibali na ithibati na wewe unafaulu, na umeshapita nusu, malizia. Kuhamisha masomo ya unesi yenyewe ni kugumu, na karibu kila mara utaanza muhula wa kwanza.
3. Kama Bodi imekiweka kwenye uangalizi, waandikie Bodi uulize hatima ya wanafunzi waliopo, na uhifadhi majibu kwa maandishi.
4. Omba nakala rasmi ya matokeo yako sasa hivi, kabla deni lolote halijaikwamisha. Kuna vyuo vinavyozuia matokeo ya mwenye deni.
5. Usichukue mkopo wa benki wa muhula unaofuata kabla ya kuongea na ofisi ya fedha kuhusu malipo ya mwezi kwa mwezi bila riba. Vyuo vingi vina mpango huo, ila havikwambii mpaka uulize.